Tarehe Kumi na Nne Hakuja Mtu

Baba yangu aliwasha boila ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Watu wengi hawajui kama hospitali ina boila, kama vile mtu asivyojua ana ini mpaka siku limuume. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji yawe mvuke, mvuke upite kwenye mabomba uende kufua na kukausha mashuka ya wodi zote, na mwingine uende kuchemsha vyombo vya upasuaji. Wenzake kazini walimwita Mzee Mvuke. Alikuwa mtu wa maneno machache, ananukia mafuta mazito hata siku ya mapumziko, na Mama alizoea kuwaambia wageni, "Boila ndiye bi mkubwa. Mimi ni bi mdogo tu humu."

Siku ya ajali vali ya usalama ilikuwa imekwama. Vali hiyo kazi yake ni moja: mvuke ukizidi, ifunguke yenyewe iutoe nje. Haikufunguka. Mbele ya boila kulikuwa na bomba jembamba la kioo la kuonyesha maji yamefika wapi, na Baba alikuwa ameinama analitazama, ndipo kioo kilipopasuka. Tulipofika wodini kichwa chote kilikuwa kimefungwa bandeji. Aliposikia sauti ya Mama, neno lake la kwanza lilikuwa, "Wameizima?"

Macho yote mawili hayakurudi.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala, ng'ambo ya barabara kutoka majengo ya serikali. Nimechapa barua za watu wanaoomba uhamisho, wanaoomba msamaha, wanaoomba wafu wao waandikwe kuwa wamekufa. Kwa hiyo barua yetu kutoka hospitali ilipofika wiki ya saba, niliijua sura kabla sijaifungua. Barua yenye habari njema huwa haikunjwi mara tatu.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, Mama anampaka dawa shingoni. Nikasoma.

"Uchunguzi umebaini kuwa ajali ilisababishwa na uzembe wa mwendeshaji. Chombo kilikaguliwa na Mkaguzi wa Serikali tarehe 14 mwezi wa tatu, ambapo kilizimwa, kikafunguliwa, na vali ya usalama ikajaribiwa na kuonekana inafanya kazi."

"Soma tena hapo pa tarehe," Baba akasema.

Nikasoma tena.

"Tarehe kumi na nne hakuja mtu."

Mama akashusha kopo la dawa. "Mzee, ni siku nyingi. Una hakika?"

"Mke wangu, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu tulimzika nani?"

Siku ile tulimzika baba mdogo, mdogo pekee wa Baba. Ukoo mzima ulikuwa makaburini isipokuwa Baba. Aliomba ruhusa, akanyimwa. Alisimama mbele ya boila tangu alfajiri hadi jioni, na tuliporudi tulimkuta amekaa jikoni na ovaroli yake, hajanawa, anatuuliza kaburi limechimbwa upande gani.

Mama akainama akavuta mkoba wa nyaraka kutoka uvunguni. Hospitali ilikuwa imemjibu Baba ombi lake kwa maandishi, na Mama hatupi karatasi yenye mhuri. Nikaifungua nikasoma: "Ombi lako la ruhusa ya tarehe 14 limekataliwa, kwa kuwa boila haiwezi kuzimwa siku hiyo kutokana na wingi wa wagonjwa, na hakuna wa kukushikia zamu. Tunakupa pole kwa msiba."

Nikaziweka barua mbili sambamba juu ya shuka. Moja inasema boila haikuweza kuzimwa. Nyingine inasema siku hiyohiyo ilizimwa na kufunguliwa.

Nilifurahi. Naona aibu kusema hivyo sasa, lakini nilifurahi. Nilidhani karatasi mbili zinazopingana haziwezi kulala kwenye faili moja bila kugombana. Zinaweza. Zinalala kwa amani kabisa.

"Boila haifunguliwi ikiwa moto," Baba alitueleza jioni ile, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja. "Inazimwa, inaachwa ipoe siku mbili, ndipo mkaguzi anaingia tumboni na taa. Yule mkaguzi wa zamani, aliyestaafu, alikuwa akitoka mweusi kama kitako cha sufuria. Huyu mpya mimi simjui. Miaka miwili sasa kinaletwa cheti tu, kinatundikwa ukutani. Na vali ilipokwama niliwaambia karakana. Nikawaambia mara ya pili. Wakanionyesha cheti. Wakasema, mzee, karatasi inasema nzima."

Malalamiko yetu aliyaandika Mjomba, kaka yake Mama. Mimi nilichapa tu. Mjomba alikuwa tarishi serikalini kwa miaka thelathini, akibeba mafaili kutoka ofisi hadi ofisi, na hakuna mtu aliyejua tabia za mafaili kama yeye.

"Faili halifi ghafla," alituambia. "Linaugua kwanza. Linahamishwa meza. Linapotea ukurasa mmoja, halafu wa pili. Kazi yetu ni kulitembelea kama mgonjwa, lisijione limetupwa."

Tukaanza kulitembelea. Ofisi ya Malalamiko ilikuwa ghorofa ya nne. Baba alikataa kubaki nyumbani. Alishika bega la Mama, akahesabu ngazi kwa sauti ya chini, na tulipofika juu akasema, "Sabini na mbili." Kila tulipokwenda alizihesabu tena, kana kwamba nazo zingeweza kugeuzwa kwenye karatasi.

Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole na meza safi. Kila mazungumzo aliyamaliza kwa "karibuni tena", hata Mjomba akambatiza jina hilo, Karibuni-Tena. Siku ya kwanza alizitazama barua zetu mbili kwa muda mrefu. Niliona nyusi zake zikipanda. Nikajisemea moyoni, ameona.

"Hili ni jambo zito," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa," Mama akasema.

"Lakini mzee, nikuulize. Ulijua vali imekwama?"

"Nilijua."

"Ukawasha?"

Mama akafungua mdomo, Baba akamgusa mkono.

"Wodi ya wazazi ilikuwa haina mashuka," akasema. "Walikuwa wanawalaza akina mama kwenye mpira mtupu. Nilipigiwa simu mara tatu asubuhi ile. Nikasema nitawasha moto mdogo, nisimame hapohapo niuangalie. Nikasimama hapohapo."

Karibuni-Tena akaandika. Sijui aliandika nini. Akatupa namba ya jalada kwenye kipande cha karatasi, akatuambia tusubiri siku tisini, karibuni tena.

Usiulize siku tisini zilikuwa ngapi. Tulikwenda ya tisini na moja, tukaambiwa afisa yuko kwenye kikao. Tukaenda wiki iliyofuata, yuko safarini. Wiki ya tatu yupo, ila jalada liko kwa mwanasheria. Mwanasheria akasema jalada limerudi kwa afisa. Tulipigwa danadana mpaka dada wa mapokezi akawa anatuwekea kiti cha Baba kabla hatujafika ghorofani, na mimi nikimkuta sokoni tunasalimiana kama ndugu. Hakuna aliyetufokea. Laiti wangetufokea. Mtu akikufokea unapata pa kushika.

Kibanda changu kilianza kukosa wateja kwa sababu kila wakifika wanakuta nimefunga. Mama aliacha kwenda kanisani siku za katikati ya juma. Na usiku, nilimsikia Baba kupitia ukuta akimwambia Mama, "Lakini kweli niliwasha," na Mama akimwambia, "Lala."

Tulikuwa na shahidi mmoja. Kiongozi wa zamu ya kupiga pasi pale ufuaji, mwanamke mrefu mwenye mikono ya mwanamieleka, ambaye wote walimwita Mama Pasi. Tarehe kumi na nne alikuwa zamu. Alikuwa na daftari la mashuka, na daftari lilionyesha siku ile walifua na kupiga pasi tangu asubuhi hadi kufunga. Bila mvuke hakuna pasi. Alikubali kusema, tena kwa kelele. "Nitawaambia mbele ya yeyote! Walidhani sisi wafuaji hatujui kusoma kalenda?"

Aliandika maelezo yake, mimi nikachapa, akasaini. Wiki tatu baadaye akaja nyumbani jioni, hana kelele. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ingawa viti vilikuwepo.

"Nimehamishwa," akasema. "Zahanati ya huko mwisho wa barabara. Safari ya siku nzima."

"Kuna mashine za kufulia huko?" Mama akauliza.

"Kuna beseni."

Mjomba akaanza kuongea kuhusu rufaa ya uhamisho, vifungu na taratibu. Mama Pasi akamkata. "Kaka yangu, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Na daftari wamelichukua. Wamesema ni kwa ajili ya uchunguzi." Akamgeukia Baba. "Mzee Mvuke, nisamehe. Maelezo yangu sijayafuta. Lakini wakiniita tena, sitakuja."

Baba alinyoosha mkono hewani mpaka ukakutana na wa kwake. "Nenda salama, dada. Umeshasema. Inatosha."

Haikutosha, na sote tulijua.

Baada ya hapo ndipo Karibuni-Tena alipotupa ile habari aliyodhani ni njema. Malalamiko yetu yameonekana yana hoja. Yamepelekwa kwa idara husika kwa uchunguzi wa kina.

"Idara husika ndiyo ipi?" nikauliza.

"Idara ya Ukaguzi."

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Kwenye ngazi, kati ya ile ya arobaini na ya hamsini, akasimama kupumzika na kusema, "Kesi ya nyani wamempelekea ngedere." Hakuna aliyecheka naye.

Afisa wa uchunguzi alikuja nyumbani Jumamosi, saa nne asubuhi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limenyooka. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shikamoo mjomba." Sote tuliitikia, na nadhani sote tulimpenda. Alisema ametumwa na idara kuchukua maelezo. Mama akampa chai, akainywa, akaisifu. Akauliza maswali kwa utaratibu, akamwacha Baba amalize sentensi zake. Tangu ajali hakuna mtu wa serikali aliyekuwa amemwacha Baba amalize sentensi.

Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza akatia saini chini.

Mimi naangalia saini kila siku kama muuza nyanya anavyoangalia nyanya. Ile saini niliijua. Ina mkia mrefu unaojizungusha mara mbili, kama uzi uliobaki kwenye sindano. Nilikuwa nimeitoa nakala, chini ya cheti cha ukaguzi kilichoambatishwa na barua ya hospitali, labda mara arobaini.

"Samahani, kaka," nikasema. "Ni wewe uliyesaini cheti cha boila?"

Hakushtuka. "Ndiyo, dada. Idara yetu ina wakaguzi wawili tu, na mwenzangu yuko masomoni." Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba dukani sukari imekwisha.

Mjomba akasimama. "Yaani anayelalamikiwa ndiye anaandika maelezo ya mlalamikaji?"

"Mzee wangu, hapa hakuna anayelalamikiwa. Ni taratibu."

Baba akainua mkono. Mjomba akaketi.

"Kumbe ni wewe," Baba akasema taratibu. Aligeuza uso kuelekea sauti, akakosea kidogo, akawa anatazama dirisha. "Nimekungoja sana. Nina swali moja tu. Boila yangu, mlango wa kuingilia tumboni uko upande gani?"

Kijana akatabasamu. "Mzee, nimekagua boila nyingi."

"Hiyo moja tu. Aliyeingia hawezi kusahau. Ni mwembamba, unaingia bega moja kwanza. Uko juu? Uko nyuma? Uko chini?"

"Mzee wangu, mimi ndiye niliyekuja kuuliza."

"Utauliza. Sina pa kwenda. Lakini nijibu hilo."

Kikombe cha Mama kiligonga sahani. Kijana alifunika kalamu yake. Niliuona uso wake, na nitasema ukweli: haukuwa uso wa mtu mbaya. Ulikuwa uso wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Nyuma," akasema.

Baba akashusha pumzi ndefu. "Ni juu, mwanangu. Unapanda ngazi."

Ungetegemea tushangilie. Hakuna aliyeshangilia. Alikuwa amejibu vibaya mbele ya watu wanne, na karatasi pekee inayoandika yaliyotokea chumbani mle ilikuwa mkononi mwake. Nilimwomba aandike swali na jibu. Akasema havihusiani na hoja. Nikaomba kusoma alichoandika. Akanipa, bila ubishi. Kulikuwa na mstari uliosema, "Mlalamikaji, kutokana na hali yake, hakumbuki vizuri matukio na anachanganya siku ya ukaguzi na siku ya msiba wa kifamilia."

"Mzee, weka dole gumba hapa tumalize," akasema, akifungua kidau cha wino.

Mama akakichukua kidau, akakifunga, akakirudisha kwenye mkoba wa kijana mwenyewe. "Haweki."

"Mama, basi nitalazimika kuandika kwamba amekataa kutoa ushirikiano."

"Andika!" Mjomba akafoka. "Andika na jina langu!"

Mpaka leo najiuliza kama tungenyamaza ingekuwaje. Lakini hasira ya mnyonge hutoka siku isiyotakiwa.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Alipokuwa akifunga kamba za viatu alisema bila kuniangalia, "Dada, wiki ile niliwekewa vyeti thelathini mezani. Gari la idara lilikuwa bovu tangu mwezi wa kwanza. Niliambiwa vyote vitoke kabla ya Ijumaa."

"Aliyekwambia ni nani?"

Akaendelea kufunga kamba.

"Nakuomba uyaandike hayo, kaka. Mstari mmoja tu. Nitakuchapia mimi mwenyewe."

Akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Nina watoto, dada," akasema, akaenda zake. Nilirudi ndani nikawasimulia. Mjomba akauliza kama kuna mwingine aliyesikia. Hakuwepo.

Niliandika kwa mkuu wa idara. Niliandika kwa Ofisi ya Malalamiko nikieleza nani aliyetumwa kwetu. Niliandika hospitalini kuulizia daftari la mashuka, wakanijibu kwamba hawana kumbukumbu ya daftari hilo. Barua nyingine hazikujibiwa. Nilizipeleka kwa mkono, nikagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala zangu, na nakala hizo ninazo, mhuri kwa mhuri, kama mtu anayekusanya vizibo vya chupa.

Miezi mitano ikapita. Ikaja barua, imekunjwa mara tatu.

"Malalamiko yako yamefanyiwa kazi. Kwa kuwa mlalamikaji alikataa kutoa ushirikiano, shauri limefungwa. Una haki ya kukata rufaa ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua hii."

Nikatazama tarehe. Ilikuwa imeandikwa siku arobaini na moja kabla.

Tulipanda ngazi sabini na mbili. Karibuni-Tena aliigeuzageuza ile barua, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka yeye pia.

"Imechelewa kutoka chumba cha barua," akasema.

"Basi rufaa ipokelewe," nikasema. "Kosa si letu."

"Muda umepita, mwanangu. Sina uwezo. Ila mnaweza kuomba kuongezewa muda."

"Kwa nani?"

Akaangalia meza yake safi. "Kwa idara iliyofunga."

Baba alikuwa kwenye kile kiti alichowekewa na dada wa mapokezi. Akauliza, "Mheshimiwa, barua zangu mbili ulizisoma?"

"Nilizisoma, mzee."

"Siku ile ya kwanza?"

"Siku ile ya kwanza."

"Na uliona?"

Karibuni-Tena akatazama mlango, ulikuwa umefungwa. "Niliona, mzee," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akasimama kutuonyesha kwamba tumemaliza.

Hilo ndilo jibu pekee tulilolipata kwa miaka miwili na nusu. Halikuandikwa popote. Njiani kurudi Mama alisema, "Mpiga konde ukuta huumiza mkono wake. Mimi mkono wangu umechoka."

Niliomba kuongezewa muda, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Sikujibiwa. Baba aliacha kuuliza kama kuna barua. Alikaa uani asubuhi hadi jua limfikie miguuni, akihamishwa kiti kama kinavyohamishwa chungu cha maua. Kwenye faili la hospitali bado ni mwendeshaji mzembe. Wakati mwingine nilimkuta anasogeza vidole hewani, anafungua kitu, anafunga kitu, na nilijua yuko kazini.

Halafu Mama Pasi akatupigia simu kutoka huko kwenye beseni lake. Wenzake wa zamani walikuwa wamemsimulia. Hospitali imeweka boila nyingine, si mpya, imetolewa kiwanda fulani kilichokufa. Mwendeshaji ni mtu mgeni, baba wa watoto watatu, mchapakazi. Na ukutani kuna cheti.

"Nani amesaini?" nikauliza.

"Mwanangu, unajua ni nani."

Nilifikiri nisimwambie Baba. Lakini alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwangu, na upofu ulikuwa umemnolea masikio.

"Kesho asubuhi nipeleke," akasema. "Kabla ya saa moja."

"Tukamwone nani, Baba? Tumeshaonana na wote."

"Huyo mwendeshaji."

Tulifika geti la nyuma la hospitali saa kumi na mbili na nusu, tumeshikana mikono. Mlinzi hakuwa yule wa zamani. Aliangalia kitabu chake, akasema majina yetu hayamo, na wasio wafanyakazi hawaingii upande wa mitambo. Nikamweleza Baba alikuwa nani. Akasikitika, kweli alisikitika, akamletea stuli yake mwenyewe akae. Lakini kuingia hapana.

"Basi mpelekee ujumbe," Baba akasema. "Mwambie kila asubuhi, kabla ya kuongeza moto, aivute vali kwa mkono wake mwenyewe, aisikie ikipiga. Asiiamini karatasi. Na asisimame mbele ya kioo, asimame pembeni. Mwambie asimame pembeni."

"Nitamwambia, mzee."

"Rudia."

Mlinzi akarudia, akakosea mahali pamoja, Baba akamrekebisha, akarudia vizuri.

Hakuondoka getini kupeleka. Alikuwa peke yake na magari yalikuwa yanaingia. Alisema atamwona wakati wa chai. Baba akaitikia kwa kichwa, lakini hakusimama. Alikuwa amegeuza sikio upande wa ukuta, kule ambako bomba la moshi lilikuwa limeanza kufuka.

"Vali ikivutwa, sauti yake inafika hadi hapa," akaniambia. "Inapiga kama ng'ombe anayepumua. Ni saa moja ndiyo inavutwa. Ngoja."

Saa moja ilifika. Manesi wa zamu ya usiku walipita wakitoka, wa mchana wakaingia. Mtu aliburuta kitoroli cha mashuka machafu uani. Nyuma ya ukuta moto ulikuwa unanguruma, unapanda, na mimi pia nikajikuta nimebana pumzi. Robo saa ikapita. Sikusikia chochote.

"Labda ameivuta mapema, Baba. Kabla hatujafika."

"Labda," akasema.

Tukakaa mpaka mlinzi alipokuja kwa heshima kuomba stuli yake, kwa kuwa mkubwa wake alikuwa njiani. Baba alisimama akaushika ukuta kwa kiganja kizima, akakiacha hapo kwa muda, kisha akanipa mkono nimwongoze.